Samli Kwenye Kabureta

Mwezi uliopita nilikwenda Garsen kumtazama fundi akishindwa. Kusema kweli sikwenda kwa ajili hiyo. Binamu yangu alinipigia simu kwamba amepata mtu wa Mombasa anayekusanya magari ya zamani, na mtu huyo anaitaka pikapu ya marehemu ami, ila kwa sharti moja: aisikie ikinguruma. Nikasema hiyo si ya kukosa. Nikaondoka Malindi mapema, na nilipofika niliikuta pikapu pale pale ilipokaa miaka yote, chini ya bati, miiba ya mathenge imeizunguka mpaka kwenye magurudumu. Mbele yake alisimama kijana mwenye ovaroli safi kuliko shuka zangu.

Ovaroli safi, ndugu yangu, na anaitwa fundi! Mkononi alikuwa na kidude chenye kioo na waya, ameinama chini ya usukani anatafuta pa kukichomeka. Alipokosa akanigeukia mimi, kana kwamba ni mimi niliyeitengeneza.

"Mathe, hii gari haina pa kuchomeka. Sasa nitajuaje shida iko wapi?"

Nikamwambia gari hilo lilitengenezwa mama yake hajazaliwa, na enzi zake gari likiugua lilitazamwa kwa macho. Akacheka, akidhani natania. Kisha akaanza kupiga stata huku akikanyaga mafuta kama anayeua nge, mpaka uwanja mzima ukanuka petroli. Mwisho akatangaza kwamba pampu imekufa. Boneti ilikuwa wazi na hata hakuwa ameitazama kabureta. Nilivuta kiti cha plastiki nikakaa kivulini, nikamwacha aendelee kuiua betri. Sikuwa na haraka. Nimewahi kuona wapumbavu wakishindwa na gari hilo hilo, tena wapumbavu wa daraja la juu, na huyu alikuwa mwanagenzi tu.

Ngoja nikueleze wale wa zamani.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nakaa kwa nyanya yangu mzaa baba. Nyanya aliuza maziwa. Alfajiri wanawake walifika na vibuyu kutoka kwenye maboma, maziwa yananuka ule moshi mtamu wa kufukizia, na kazi yangu ilikuwa kushika kichujio huku nyanya akimimina kwenye madebe. Ami, mdogo wake baba, ndiye aliyekuwa na pikapu. Aliyachukua maziwa na abiria wawili watatu hadi Malindi, kwa barabara ya wakati ule, ambayo mvua ikinyesha ilikuwa ni udongo mweusi unaovua mtu viatu. Basi la kutoka Lamu lilipita adhuhuri. Ukitaka kufika Malindi asubuhi, ulimtegemea Mungu na pikapu ya ami, na pikapu ndiyo iliyokuwa ngumu kuiomba.

Miezi ya joto iliwaka vizuri. Shida ilikuja na kusi, ile miezi ambayo ukungu wa mtoni unalala juu ya migomba na watu wa Garsen, waliozoea kuchomwa na jua, wanajifunga mablanketi na kulalamika kama wako Limuru. Asubuhi hizo ami alivuta choki, akapiga stata, na gari likalia nyeu-nyeu-nyeu mpaka sauti ikachoka. Haliwaki. Basi waumini wakitoka msikitini, badala ya kwenda nyumbani, walipinda kona na kuja uwanjani kwetu kusukuma. Ikawa desturi. Hakuna aliyeitwa, na hakuna aliyekosa. Wanaume kumi na tano, makoti juu ya vikoi, kila mmoja na maoni yake. Mmoja alisema ni baridi ya mto imeingia kwenye chuma. Mwingine alisema gari limepigwa jicho. Mwalimu wetu, ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli, alisema ni suala la fizikia, kisha akanyamaza hapo hapo, maana fizikia yenyewe hakuijua.

Kwenye usukani walinikalisha mimi. Ami alikuwa na nguvu, alihitajika nyuma, na mimi nilikuwa mwepesi. Nilikalia mto wa nyanya nipate kufikia klachi. Walisukuma hadi kwa mwenye duka, nikaachia klachi, gari likashtuka, likakohoa, likasimama. Wakageuza. Wakasukuma kurudi. Walikwenda na kurudi hivyo mpaka jua likachomoza juu ya miti ya mtoni na kuanza kupiga boneti, na hapo, taratibu, bila aibu, gari likawaka. Wanaume wakapigana mabegani kwa pongezi. Nyanya akaleta birika kubwa la chai ya maziwa na tangawizi, wakanywa wamesimama, wakisifiana. Hata siku moja hakuna aliyejiuliza kwa nini kusukuma kwa kwanza hakukufaa na kwa ishirini kukafaa. Jua lilikuwa linafanya kazi yote, na wao wakala sifa.

Lakini yote hayo yasingekuwepo bila jirani. Jirani yetu aliwahi kuwa mtunza stoo kwenye skimu moja ya kunyunyizia mashamba huko juu mtoni. Kazi yake ilikuwa kuchukua kipuri kwenye rafu na kumpa fundi. Kwa kuvishika vipuri miaka mingi akadhani anavijua, na mji mzima, wenye akili kama zake, ukamwita Injinia. Alitembea na bisibisi kwenye mfuko wa shati kama daktari anavyotembea na kalamu. Sikuwahi kuiona ikigusa skrubu.

Huyo Injinia ndiye aliyegundua, baada ya mafuriko fulani, kwamba choki imeingia kutu. Hapo hakukosea, nampa haki yake. Injini ya kabureta ikiwa ya baridi hutaka petroli nyingi na hewa kidogo, kwa hiyo kwenye koo la kabureta kuna kibati kidogo ambacho ukivuta kifungo cha choki kinafunga njia ya hewa. Kwenye pikapu ile kifungo kililegeza waya tu. Kilichokifunga kibati ni springi moja nyembamba, nyembamba kama unywele wa mkia wa punda. Kutu ilikuwa imekikwaza kibati kidogo, na tone moja la oili lingetosha kabisa.

Injinia akaikataa oili. Alisema oili ya dukani imechanganywa na vitu ambavyo Wahindi wenye maduka wanavijua wenyewe, na kwamba chuma cha Garsen kinataka kitu cha Garsen. "Leta samli," akamwambia ami. "Samli ya ng'ombe hainaga ulaghai."

Na kwetu nani angepinga? Sisi ni watu wa ng'ombe. Samli tunapaka kamba za ngozi zisikatike, tunapaka kibuyu kipya, tunapaka kifua cha mtoto mwenye kikohozi na nywele za bi harusi. Gari lilikuwa limebaki tu. Nyanya akatoa samli yake nzuri, ile ya kijani kidogo ya baada ya mvua, na Injinia akaipaka kwa kidole kwenye waya, kwenye ekseli ya kibati, kwenye springi, kila kilichomeremeta. Lilipoendelea kukataa kuwaka, akasema haijaingia vizuri, akaongeza. Kila wiki aliongeza. Pikapu ikipata moto njiani ilinuka kama nyumba yenye arusi, na abiria waliuliza ami amebeba chakula gani.

Mimi nilijua kwa sababu ya kijiko. Asubuhi moja ya kusi nyanya alinituma nichote samli. Nilichomeka kijiko kwenye kopo na kikasimama wima, hakitikisiki, samli imeganda kama udongo wa mfinyanzi. Adhuhuri nilipita tena jikoni na samli ilikuwa maji. Nilisimama pale na kopo mkononi. Kesho yake, wanaume wakibishana, nilichungulia chini ya boneti kutokea pembeni. Niliiona springi imezama kwenye samli ngumu, nyeusi kwa vumbi, inatetemeka kidogo na haiwezi kitu. Choki ya ami ilikuwa imelala usingizi mpaka jua liiamshe.

Niliwaambia. Hilo ningependa ulikumbuke, kwamba kwanza niliwaambia.

"Ami, samli imeganda. Ndiyo inayozuia choki."

Ami alimtazama Injinia. Injinia alinitazama mimi, kisha akawageukia wenzake, akasema, "Mwasikia? Huyu mtoto aona kabureta ni sufuria."

Walicheka, wote kumi na tano. Mwalimu akacheka mpaka akakohoa. Injinia akanipigapiga kichwani kwa bisibisi, polepole, tak tak, akasema, "Kazi yako usukani, binti. Injini iache kwa wenyewe." Ninaandika haya nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, na bado nikikumbuka ile bisibisi kwenye utosi wangu masikio yanapata moto.

Siku chache baadaye, wakati wamekwenda kunywa chai ukutani kujipumzisha kati ya safari mbili za kusukuma, nilichukua kikombe cha chai ya moto nikakimwaga pale pale, juu ya springi. Samli ikayeyuka ikachuruzika na tangawizi yake. Nikaingia ndani, nikavuta kifungo, nikasikia kibati kikijifunga kwa sauti ndogo safi. Nikageuza ufunguo. Gari likawaka mara moja, jua bado hata halijatoka. Wanaume walikuja mbio na vikombe vyao. Injinia akainama juu ya injini, akanusa, akanyanyuka na uso wa mtu aliyepata mtoto wa kiume.

"Si niliwaambia? Samli imeingia."

Hapo ndipo nilipoapa. Nilijiambia sitasema tena, wala sitamwaga chai tena, mpaka mzee yule aje mwenyewe aniulize. Wasukume tu. Na nikaona raha, sikufichi. Kila alfajiri nilikaa kwenye mto wa nyanya, mikono kwenye usukani, nikiwatazama kwenye kioo wakihema, vikoi vinawalegea, mwalimu anateleza kwenye tope. Nilikuwa nawadharau kwa moyo wangu wote. Dharau ni tamu sana kwa mtoto wa kike ambaye hana kingine cha kumiliki.

Sasa, Injinia alikuwa na binti. Alinizidi mwaka mmoja, na alikuwa na kichwa ambacho sijui alikitoa wapi, maana kwa baba hakikutoka. Alifanya hesabu kwa macho tu, bila kalamu. Jioni tulichota maji pamoja, akinieleza sehemu na desimali huku ndoo iko kichwani, na mimi nikajua kusoma kweli kwa sababu yake kuliko kwa sababu ya yule mwalimu wa fizikia. Mwaka huo wafadhili fulani walitaka kuchukua msichana mmoja kutoka upande wetu wa mto, wamsomeshe sekondari ya bweni mpaka amalize. Shule ikampeleka yeye. Aliitwa Malindi kwa usaili, siku moja ya mwezi wa saba, afike kabla ya saa nne asubuhi. Barua ilisema atakayechelewa hatapokelewa. Kwao hapakuwa na njia nyingine ya sekondari. Kaka zake walikuwa watatu mbele yake, na wewe unajua foleni hiyo inavyokwenda.

Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa mzito kuliko siku zote. Alikuja amevaa sare iliyopigwa pasi ya makaa, mtandio mweupe, barua yake kwenye karatasi ya nailoni. Akapanda akakaa karibu yangu mbele. Tulisikia vyura wa mtoni na miguu ya wanaume wakijipanga nyuma.

"Litawaka?" akaniuliza.

"Litawaka," nikamwambia.

Na nilikuwa na hakika. Birika la nyanya lilikuwa juu ya mafiga, hatua kumi kutoka mlango wa gari, mvuke unatoka mdomoni. Nilichongoja ni kitu kimoja tu. Leo ni binti yake mwenyewe, nikawaza, leo ataniuliza. Walisukuma mpaka dukani, wakarudi. Wakasukuma tena. Ami akafungua boneti, akafunga. Safari ya nne Injinia akaja dirishani kwangu. Alikuwa amelowa jasho, ndevu zinatona. Tulitazamana. Nilijua anakumbuka ule utani wa sufuria, nilimwona kabisa akiukumbuka. Ningemsaidia kwa neno moja. Nikakaza uso.

"Vuta choki," akasema.

Nikavuta choki. Akarudi nyuma kusukuma.

Yule mwenzangu alikuwa ameanza kulia bila sauti, akijifuta kwa ncha ya mtandio asiuchafue. Nilimwona. Nikajiambia safari moja tu, hii moja, baba yake atachoka ataniuliza. Wakasukuma mara ya tano, na ya sita. Kisha mwanga ukabadilika kwenye kioo cha mbele, jua likapanda juu ya miti, bati la boneti likaanza kutoa mvuke wa umande, na gari likawaka lenyewe kama kawaida. Wanaume wakashangilia, na ami akaruka kwenye usukani, mimi nikashuka. Waliondoka mbio na madebe yakigongana.

Walifika geti limefungwa. Alirudi jioni ile ile, bado amekumbatia karatasi yake ya nailoni. Injinia aliwaambia watu kwamba haikuwa riziki yake, na watu wakaitikia kwamba kweli haikuwa. Hawakuona ajabu yoyote. Mwaka mmoja baadaye alikuwa ameolewa huko Tarasaa.

Na wafadhili walirudi mwaka uliofuata, mwezi ule ule, wakitaka tena msichana mmoja. Shule ikanipeleka mimi. Alfajiri ya siku yangu, kabla waumini hawajatoka msikitini, nilibeba birika lote la nyanya hadi kwenye pikapu, wala sikungoja mtu aniulize kitu. Saa mbili na nusu nilikuwa nimekaa Malindi kwenye benchi la usaili, wa kwanza, nguo yangu inanuka samli.

Wote wamekwisha sasa. Injinia alikufa na heshima yake, mwalimu akahamia Hola akafa huko, ami tumemzika juzi juzi. Siku hizi hakuna anayemsukumia mwenzake gari. Wanaume wakitoka msikitini kila mmoja anawasha bodaboda yake kwa kidole. Maziwa yanakwenda kwa mitungi ya plastiki na hayanuki moshi tena. Nimewacheka wazee wale maisha yangu yote, kwenye harusi na kwenye matanga, na nimefanya hadithi yao iwachekeshe watu mpaka wakashika mbavu. Lakini sehemu ya binti wa Injinia sijawahi kuisimulia. Wao walikuwa wajinga, lakini walisukuma. Mimi nilijua, nikakaa.

Basi mwezi uliopita, yule fundi wa ovaroli alipomaliza kuiua betri, nikainuka kwenye kiti changu. Nikamwambia binamu alete betri nyingine. Nikafungua chujio cha hewa, nikaona kibati kimekwama wazi kwa vumbi na kutu, nikaacha habari ya kibati, nikaziba koo la kabureta kwa kiganja changu. "Piga," nikasema, "na usikanyage mafuta." Iliguna mara mbili, ikanyonya kiganja, nikaondoa mkono na ikawaka, moshi na kelele na kila kitu. Watu waliokuwa barabarani wakaja. Yule mtu wa Mombasa akapiga makofi, na fundi akatoa simu anipige picha.

Kwenye umati alikuwepo mama mmoja wa makamo, mtungi wa maziwa begani. Nilimjua kabla hajasema kitu: binti wa Injinia. Alikuja akanishika mikono yote miwili, na mafuta na masizi yake, akanitazama kwa furaha kabisa.

"Mwenzangu!" akasema. "Wewe ulijifunza wapi hii kazi?"

Nilikuwa na nafasi. Sijui kama utaniamini, lakini nilifungua mdomo nikitaka kusema.

"Shuleni," nikamwambia. "Malindi."

Akatikisa kichwa taratibu, huku akiwageukia watu ili wasikie na wao. "Mwaona?" akasema. "Mwaona faida ya kusoma?"